Papa Mdogo wa Biharamulo

Nilipokabidhiwa yule papa, alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mwili wake ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, na mikanda myeusi ilimzunguka kuanzia kichwani hadi mkiani. Mchana kutwa alilala juu ya mchanga akipumua. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha anaendelea kupumua mpaka mwenyewe arudi.

Mwenyewe alikuwa mtu wa Ntobeye, kule Ngara, aliyeondoka kwao kijana akaenda kuwa fundi wa injini za meli. Alikaa baharini zaidi ya miaka ishirini. Alipochoka akarudi huku bara, akajenga Biharamulo mjini, na sebuleni akaunda tangi la kioo kinene lililokula theluthi ya chumba. Wengine hurudi na gari au na mke wa mbali. Yeye alirudi na hamu ya maji ya chumvi. Yai la papa aliletewa kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya ndoo yenye kifuniko, likaanguliwa humo humo sebuleni. Kwa hiyo yule papa hakuwahi kuiona bahari. Alizaliwa Biharamulo kama mimi nilivyozaliwa Nyamigogo.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Nimechimba dhahabu, nimeswaga ng'ombe wa mnada, nimeuza taa za sola hadi mpakani, nimetengeneza pampu za maji. Sehemu zote hizo nilikaa mpaka nilipoelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Kwa huyo mwenye papa, ambaye wote tulimwita Mzee, niliitwa kutazama pampu ya tangi iliyokuwa ikinguruma vibaya. Niliimaliza kabla ya saa sita mchana. Jioni nilikuwa bado nimechuchumaa mbele ya kioo, nikiuliza.

"Wewe unauliza kama polisi," Mzee akasema.

"Polisi hawasikilizi majibu."

Akacheka, akanipa chumba cha uani.

Mwaka ule ndio mama yangu alipofariki. Habari ilinikuta machimboni, nimeshauza simu, na kaburi lilikuwa limeshaota majani. Nilikwenda Nyamigogo, nikapalilia kaburi, nikakaa siku mbili. Watu walisubiri nilie. Mimi pia nilisubiri. Siku ya tatu nikapanda pikipiki nikaondoka, na tangu hapo nilikuwa nafanya kila kitu vizuri bila kukisikia.

Kumtunza papa kunamfaa mtu wa namna hiyo. Hakuhitaji kupendwa. Alihitaji vipimo. Kila asubuhi nilitazama joto la maji, kwa sababu Biharamulo hupata baridi na yeye hataki maji yashuke chini ya nyuzi ishirini na tatu au nne. Kisha nilichota maji kidogo kwenye gilasi ndefu nikatumbukiza humo kipimo cha chumvi kielee, kile cha kioo, ndugu yake na kile ambacho wanunuzi wa maziwa hukitumia kuwaumbua wanaoongeza maji. Kisha nikadondosha dawa kwenye vichupa nikasubiri rangi. Njano ilikuwa salama. Kijani ilimaanisha uchafu wake mwenyewe umeanza kumrudia, na dawa yake ilikuwa kubadilisha maji.

Maji hayo niliyatengeneza. Mvua ya kwenye bati Mzee aliikataza, akasema bati linaacha kitu ndani yake. Tulichuja maji ya bomba mpaka yakawa hayana ladha yoyote, ndipo nikakoroga chumvi ya gunia, chumvi maalumu ya matangi ambayo nayo ilitoka Dar es Salaam, nikaiacha ijikoroge kwa pampu ndogo siku nzima. Maji ya zamani nilikwenda kuyamwaga nyuma ya choo. Mara ya kwanza niliyamwaga kwenye shina la mgomba. Mgomba ule ulikauka kuanzia majani ya chini kwenda juu, nami nikautazama ukikauka.

Alikula mara tatu kwa wiki: kamba na ngisi waliokuja wamegandishwa. Samaki wa ziwani Mzee hakutaka kabisa, alisema hawana vinavyohitajika. Nilimshikia kipande kwa koleo refu la mbao karibu na pua, naye alikuwa kama hakioni, kisha kichwa kikageuka ghafla na kipande hakipo. Vijana wa bodaboda walikuwa wakichungulia dirishani.

"Fundi! Mchuzi lini?"

"Akifika kilo ngapi mnachinja?"

"Akifika kilo zako," nikawajibu.

Halafu Mzee akaugua figo. Walimwambia aende Dar es Salaam, matibabu yatachukua miezi. Nyumba haiachiwi mtu wa kupita kama mimi, kwa hiyo akamleta mama yake kutoka Ntobeye aje kukaa. Bibi alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa rozari shingoni, na kwenye mkono wa kushoto bangili nene ya shaba ambayo kwao huiita umuringa. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipita, akaenda kusimama mbele ya tangi.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, bibi."

Akamtazama sana. "Haliwi, hakamuliwi, halindi nyumba. Chumvi yote ile ni yake peke yake?"

"Yake peke yake."

"Na sisi Ntobeye tunakopeshana kijiko."

Kabla ya kuondoka Mzee alinipa daftari la jalada gumu. Kurasa za mbele zilikuwa maagizo, za nyuma zilikuwa tupu, nijaze vipimo vya kila siku. Nililisoma lote siku hiyo hiyo. Kulikuwa na ukurasa juu ya rovu. Papa naye huota rovu chini ya taya, maji yake yakikosa madini joto, kama watu wa milimani zamani kabla ya chumvi ya pakiti. Mama yangu alikuwa nalo, ukubwa wa ndimu, akilifunika kwa kanga. Ukurasa huo niliusoma mara nyingi. Ukurasa uliofuata niliusoma mara moja tu. Uliandikwa hivi: *Usimpe dawa yoyote ya samaki bila kuniuliza. Nyingi zina shaba. Shaba inamuua papa. Konokono hufa kwanza. Ukiona konokono wanakufa, tafuta shaba.* Nikaupita, maana dawa za samaki hazikuwamo ndani ya nyumba.

Mzee alipiga simu kila siku saa kumi jioni. Bibi aliweka spika wazi akaishikilia simu mbele ya mdomo kama kipande cha mhogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Salama. Amekula?"

Bibi alinitazama, nami nikasema kwa sauti: "Amekula, Mzee. Kamba wawili."

"Joto?"

"Ishirini na tano."

"Haya. Asante. Mama, siku njema."

Siku za kwanza Bibi alilalamika. "Mimi hajaniuliza kama nimekula." Baadaye akaacha. Siku moja, akimenya ndizi mlangoni, akaniambia bila kuinua kichwa: "Baba yake alipolala hospitali, kila siku aliuliza ng'ombe wake. Fulani amezaa? Fulani anatoa maziwa? Nikajua atarudi. Akarudi. Mara ya pili alipolazwa hakuuliza ng'ombe hata mmoja." Akatupa ganda. "Kwa hiyo mwache aulize. Siku akiacha kuuliza, ndipo uogope."

Tangu siku hiyo alianza kumwita papa *inyana*, yaani ndama. Ndama wa mwanangu. Asubuhi alikuja na kigoda chake akakaa mbele ya kioo akisali rozari, na papa naye alikuwa amelala upande wa pili, mashavu yake yakienda juu na chini. Kwa mbali ungedhani wanaongea.

Wiki kama tatu zikapita. Kwenye tangi kulikuwa na konokono kumi na wawili wa kula ukungu wa kioo. Nikamkuta mmoja amepinduka. Nikamtoa. Kesho yake wawili. Nikapima maji, kichupa kikawa njano. Nikaandika kwenye daftari: *konokono 3 wamekufa, maji safi*. Siku zile zile niliona pia kwamba mkono wa kushoto wa Bibi una mstari wa ngozi nyeupe pale palipokaa bangili. Mimi ambaye nimewauliza watu wote wa wilaya hii kila kitu, hilo sikuliuliza. Niliona, nikaendelea kukoroga chumvi.

Kisha papa akakataa kula. Nikamshikia kamba puani, akageuza kichwa. Siku ya pili aligeuza tena. Siku ya tatu nikamkuta hajalala. Alikuwa akiogelea juu, karibu na hewa, akijigonga kwenye kioo cha kona, na mashavu yalikuwa yanakwenda mbio. Nikaingiza mkono nikampapasa chini ya taya nikitafuta rovu. Hakuna. Ngozi yake ilikuwa kama msasa laini, na hakujitetea.

Saa kumi ikafika.

"Amekula?"

Bibi akanitazama.

"Leo si siku yake, Mzee."

"Leo Jumatano."

"Nimeisogeza mbele. Alivimbiwa."

"Haya. Usimlazimishe."

Kesho yake nilizima pampu zote ili nikague waya. Maji yalipotulia nikaona, chini ya bomba linalorudisha maji, pembeni ya jiwe, kitu cha kijani kimezama nusu mchangani. Nikakitoa. Ilikuwa bangili ya Bibi, imevaa kutu ya kijani kama ukungu, na palipopigwa na maji ya bomba ilikuwa inang'aa.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake.

"Usiitoe," akasema.

"Uliiweka lini, bibi?"

"Wiki ile mwanangu alipokuwa anauliza kwa sauti ndogo." Akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kwao ndama akizaliwa mnyonge, mama mwenye boma anavua umuringa wake anauweka kwenye maji anayonywa ndama, mpaka asimame vizuri. Bangili imekaa kwenye mwili wa mama, imejua kulea. Alifanya hivyo kwa ndama wengi. Alifanya hivyo kwenye beseni alilooshewa huyu mwanawe, aliyezaliwa kabla ya wakati wake. "Wote walisimama," akasema.

Nilikuwa nimeshikilia bangili, maji yakidondoka sakafuni. Nilijua tayari. Ule ukurasa wa daftari ulinijia mzima, hadi mwandiko wake. Ningemwambia: Bibi, hii ndiyo inayomuua. Maneno manne tu. Sikusema, wala si kwa huruma. Nimejaribu baadaye kujipa huruma, haikukaa. Niliona tu kwamba ukweli ungehitaji maelezo, na maelezo yangeleta machozi, na machozi yangehitaji mtu wa kukaa nayo. Uongo ulikuwa njia fupi.

"Imemaliza kazi yake," nikasema. "Ivae."

Akaipokea, akaisugua kwa pindo la kanga, akaivaa.

Siku hiyo na iliyofuata nilibadilisha maji kuliko nilivyowahi kubadilisha, ndoo baada ya ndoo, mpaka gunia la mwisho la chumvi likabaki robo. Niliweka mkaa mpya wa kuchujia. Siku ya nne papa alishuka chini akalala. Siku ya saba nilimshikia ngisi. Kichwa kikageuka, ngisi hayupo.

Bibi akapiga kigelegele kilichowaleta hata vijana wa bodaboda dirishani. "Mmechinja?" mmoja akauliza.

"Amekula!" Bibi akawaambia. "Umuringa umemsimamisha!"

Na saa kumi, kabla Mzee hajauliza, yeye mwenyewe akatangulia: "Amekula, mwanangu. Ngisi mzima." Mzee akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aondoke.

Ningesema siku ile, ingewezekana pia. Papa alikuwa mzima, Bibi alikuwa na furaha, ukweli ungekuta mahali pa kukaa. Nilikwenda kuosha ndoo.

Chumvi mpya ilikuwa njiani. Basi liliharibika, mzigo ukalala Kahama, kisha ukalala tena. Wiki mbili baada ya kigelegele, papa aliacha kipande kimoja. Kimoja tu. Niliona Bibi ameona. Asubuhi moja baadaye nilikuta konokono amepinduka, na kabla sijapiga hatua nyingine nilijua. Nilikwenda moja kwa moja pale pembeni ya jiwe. Bangili ilikuwa imefukiwa vizuri zaidi, ili isionekane, ili mimi nisiitoe mapema kama mara ile.

Niliitoa. Hapakuwa na chumvi ya kutosha kubadilisha hata robo ya maji. Nilibadilisha yale niliyoweza. Papa alikuwa amekonda, mifupa ya kichwa imejichora. Aliishi siku tatu, nyingi kati ya hizo akiwa amelala ubavu. Mzigo ulifika siku ya nne kwa basi la asubuhi, magunia manne, nami nikayapokea stendi nikayabeba kwa toroli hadi nyumbani.

Nilimzika nyuma ya choo, kwenye udongo ambao tayari ulikuwa na chumvi. Bibi alisimama pembeni, bangili mkononi.

"Nilichelewa kuirudisha," akasema. "Wewe uliitoa mapema, na mimi nikachelewa kuirudisha."

"Ndiyo, bibi. Niliitoa mapema."

Akatikisa kichwa, si kwa lawama. Tukarudi ndani.

Saa kumi simu ikaita. Salamu zikapita.

"Amekula?"

Nilifungua mdomo. Bibi akaniwahi, akinitazama usoni kwa macho ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Amekula."

"Fundi yupo?"

"Nipo, Mzee."

"Amekula?"

"Amekula. Kamba wawili."

Tuliendelea hivyo wiki tano. Niliacha pampu zikinguruma, taa ikiwaka, joto likiwa ishirini na tano. Asubuhi Bibi alikaa kwenye kigoda akasali mbele ya maji matupu. Nami kila jioni nilimlisha kwa simu yule papa, kamba Jumatatu, ngisi Jumatano, na siku nyingine nilisema ameacha kipande ili isionekane ni hadithi. Mzee aliuliza kila siku. Hakuacha hata siku moja. Lakini kwenye daftari sikuandika uongo. Sijui kwa nini. Niliandika siku aliyokufa, na mbele yake neno moja, *shaba*, na kurasa zilizofuata niliziacha wazi.

Mzee alirudi kwa basi bila kutuambia siku. Alishuka kwenye bodaboda mlangoni, suruali imemzidi, uso umekuwa mdogo. Alisalimia, akaingia, akasimama mbele ya tangi. Alisimama kama mtu anayesubiri kitu kitoke nyuma ya jiwe. Kisha akachukua daftari pale linapokaa, akafungua nyuma. Nilikiona kidole chake kikishuka kwenye safu za tarehe, kikasimama, kikarudi juu, zile siku za konokono, kikashuka tena.

Bibi alikuwa ametoka jikoni, anafuta mikono. Mzee akautazama mkono wa kushoto wa mama yake. Akautazama muda mrefu.

Akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini: "Anajua?"

"Hajui."

"Anadhani nini?"

"Kwamba alichelewa kuirudisha."

Akafunga daftari. Nilisubiri anifukuze, nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko tangu wiki tano zilizopita. Akalirudisha daftari mahali pake.

"Mwanangu," Bibi akasema. "Umekula?"

Mzee akakaa kwenye kile kigoda, kilichokuwa kifupi mno kwake.

"Bado, mama."

Bibi akarudi jikoni mbio, na tukasikia sufuria. Mzee akaniambia nizime pampu. Nikazizima moja moja. Sikuwa nimejua chumba kile kina ukimya wa kiasi gani.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kulikausha tangi. Ilinichukua siku mbili, ndoo mbilimbili, na kwa kuwa yale maji yangeua kila kitu, Mzee alinionyesha pa kumwaga: pale pale nyuma ya choo, na si hatua moja zaidi. Bibi alikuja kusimamia, akiniambia niisogeze ndoo mbali na maharage yake. Nilimwaga yote. Udongo ulinywa polepole. Ndoo ya mwisho ilikuwa na mchanga, na nilipoiinamisha nikajikuta nimechuchumaa, napekua mchanga ule kwa vidole, kipande kwa kipande, kama kuna kitu kingine nilikuwa sijakitoa.

"Umepoteza nini, mwana wa watu?" Bibi akauliza.

Nikasema sijapoteza kitu. Nikaendelea kupekua.